Plagi ya Pikapu

Kila jioni ya majira ya baridi, baada ya kula, Marusia alivaa koti, buti na glavu, akatoka kwenda kuchomeka plagi ya pikapu ya baba yake. Ndiyo iliyokuwa kazi yake nyumbani tangu alipotimiza miaka kumi. Kule Saskatchewan, nchini Kanada, hakuna mwenye gari la dizeli anayelala bila kulichomeka. Umeme huenda kwenye hita ndogo iliyo ndani ya injini, ukapasha maji yake usiku kucha, ili asubuhi injini isigome kwa baridi. Pale kwao soketi ya nje ilikuwa moja tu, ukutani mwa banda, na waya mrefu wa umeme ulikuwa mmoja. Baba yake, Orest, alikuwa ameshakataza mtu yeyote kuugusa waya ule kwa kazi nyingine.

Asubuhi moja ya Januari, Marusia alikaa mezani akikoroga uji bila hamu. Bibi yake, Paraska, alikuwa ameshajiandaa, kitambaa cha maua kichwani na mkoba mapajani. Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali ya Saskatoon, mji wa mbali, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Aliingoja zamu yake tangu kiangazi, na akiikosa angerudishwa mwisho wa foleni.

"Mjukuu wangu, hicho ni kikombe au paka?" Bibi aliuliza, akipapasa meza.

"Kikombe, Bibi."

"Basi kunywa haraka kabla sijakipa maziwa kwenye kisahani."

Nje, stata ya pikapu ililia. Ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza. Baba aliingia, masharubu yake meupe kwa barafu.

"Haiwaki. Marusia, jana uliichomeka?"

"Ndiyo, Baba."

"Ikawa kwenye umeme usiku kucha?"

Marusia aliinamia kikombe chake. "Usiku kucha."

Haikuwa kweli. Jana yake jioni, mbwa wao Zirka alikuwa amezaa bandani. Marusia alipowaona wale watoto wanavyotetemeka, huruma ilimjaa. Aliichomoa pikapu, akautumia ule waya kuwashia taa ya kupashia vifaranga joto. Alfajiri, muda mfupi tu kabla baba yake hajaamka, aliurudisha waya kwenye pikapu. Alijiambia kwamba usiku mmoja tu usingedhuru kitu.

Mama yake Marusia alikuwa kazini mjini na gari dogo. Baba akampigia simu jirani yao Lesia, fundi wa mabasi ya shule. Siku hiyo mabasi hayakutoka kwa ukali wa baridi, kwa hiyo Lesia alikuwepo nyumbani. Alikuja na pikipiki ya theluji, amejifunika mpaka machoni, na kabla hajashuka akaanza kufoka.

"Orest, hebu iache hiyo stata! Utaua betri kabla hatujajua mgonjwa anaumwa nini."

"Nimejaribu mara chache tu."

"Hizo mara chache nimezisikia mpaka kwangu. Haya niambie, ukipiga stata inatoa moshi?"

"Moshi mweupe, kidogo."

"Basi dizeli inafika, haijaganda. Na ile taa ya njano ya kupasha silinda, kwenye dashibodi?"

"Inawaka, halafu inazimika kama kawaida."

Lesia alifungua boneti, akavua glavu na kushika mpira wa maji unaotoka kwenye rejeta. Akakunja uso. "Mbona injini ni barafu tupu? Si unasema ilikuwa kwenye umeme usiku kucha?"

"Marusia ndiye aliyechomeka," Baba alisema, na wote wawili wakamgeukia.

Marusia alitikisa kichwa kukubali.

"Basi hita imekufa," Lesia alisema, akaichomoa plagi. "Hakuna haja ya kupoteza umeme, waya huu tuutumie kuchaji betri. Lakini sikufichi, Orest. Injini ikiwa baridi namna hii, hata betri mpya haitaiwasha, na spea ya hita iko mjini. Gari langu nalo limefukiwa na theluji, njia yangu haipitiki."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Nipakieni kwenye hiyo pikipiki ya theluji," alisema. "Nimepanda vitu vibaya kuliko hivyo."

"Mama, mpaka Saskatoon? Itabidi wakuyeyushe kwanza ndipo wakupasue!" Baba alisema.

Walicheka, lakini kicheko kilikwisha upesi. Baba aliingia ndani kutafuta namba ya simu ya hospitali. Bibi akarudi kwenye kiti chake, akaanza kufungua taratibu fundo la kitambaa chake. Marusia alivitazama vidole vile vikihangaika na fundo, akashindwa kuvumilia.

Akamshika baba yake mkono. "Baba, usipige. Hita haijafa. Usiku haikuwa kwenye umeme. Niliuchukua waya kwa ajili ya watoto wa Zirka, nikaurudisha alfajiri."

Baba alisimama na simu mkononi. Uso wake uliiva kwa hasira.

"Utamgombeza baadaye," Lesia alisema haraka. "Kama hita ni nzima, bado tuna nafasi. Leteni blanketi!"

Waliichomeka tena hita na kufunika boneti kwa blanketi mbili nene. Lesia aliifungua betri, akaibeba mpaka jikoni na kuiweka karibu na jiko ipate joto. Bibi aliigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hii ndiyo nini?"

"Betri, Mama," Baba alijibu.

"Kama betri inakaribishwa jikoni mwangu, mbwa wana kosa gani? Waleteni na wao."

Marusia aliwaleta ndani ya kikapu, Zirka akimfuata nyuma. Kisha wakangoja. Baba akawa anatazama saa ya ukutani tu. Muda wa mwisho wa kuondoka ulipokaribia, Lesia alitoka kuushika ule mpira wa maji, akarudi akitabasamu. "Una joto," alisema.

Betri ikafungwa. Baba aligeuza ufunguo nusu, akangoja taa ya njano izimike, akarudia tena. Kisha akapiga stata. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Marusia alilia kwa furaha na aibu pamoja.

Baba alishuka akaja kuinama mbele yake. "Ungeniomba joto kwa ajili ya mbwa, nisingekunyima," alisema. "Na kuuchukua waya lilikuwa kosa dogo. Ungeniambia mapema, tungengoja kidogo, yakaisha. Lakini uliponiambia 'usiku kucha', ulituma watu wazima wawili kutafuta ugonjwa usiokuwepo, na tukaichomoa dawa yenyewe. Fundi hawezi kutengeneza kitu kwa habari za uongo. Na nusura Bibi yako alipie."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Sasa panda, Bibi anataka mtu wa kumshika mkono."

Kesho yake daktari aliondoa bandeji, nao wakarudi nyumbani na waya wa pili ndani ya pikapu. Bibi alimtazama Marusia kwa muda mrefu.

"Kumbe una madoadoa puani! Siku zote nilidhani hunawi."

Jioni, baada ya kula, Marusia alitoka na koti lake, akarudi mashavu yakiwa mekundu.

"Umechomeka gari?" Bibi aliuliza.

"Nimechomeka, Bibi."

Bibi alimwita karibu, akamshika kidevu na kumkazia lile jicho jipya. Marusia naye akamtazama bila kupepesa.

"Umechomeka," Bibi alisema, akamwachia.