Aliyekuwa Ndani ya Vazi la Kappa

Asubuhi ya kwanza ya msimu wa watalii, Hatsue alilikuta vazi limelowa. Alikuwa amelianika juani siku mbili kwa mikono yake, akalitundika stoo ya ofisi ya utalii na kufunga mlango. Sasa lilichuruzika maji, na stoo nzima ilinuka tope la mto. Akatazama juu akidhani paa linavuja. Paa lilikuwa kavu.

Lilikuwa vazi la kappa: mwili wa kijani, gamba mgongoni, kisahani utosini, macho makubwa ya kuchekesha. Zamani mji ule ulimwogopa kappa, jini wa mtoni anayevuta watoto miguu. Siku hizi yumo kwenye katuni na maboksi ya biskuti, na watu hutoka Tokyo kuja kupiga naye picha. Hatsue ndiye aliyelishona vazi, na mumewe, Tokuji, ndiye aliyelivaa.

Desturi moja tu ilikuwa imebaki. Matango ya kwanza ya kiangazi yakivunwa, jina la kila mtoto huchongwa kwenye tango lake na tango likatupwa mtoni, kappa ale hilo amwache mwenye jina. Mwaka uliopita daraja lilijaa watalii na kamera zao. Shunpei, mtoto wao wa pekee, miaka sita, alirusha tango lake, na Tokuji, aliyesimama majini ndani ya vazi, akalidaka, akalipenyeza kwenye mdomo wa kappa na kulitafuna kwa madaha. Watu walicheka hadi mbavu zikauma. Hakuna aliyekumbuka kumtupia kappa wa kweli, mwenye mto, tango lingine. Siku ya tisa Shunpei aliopolewa amekufa, kwenye maji yasiyomfika magotini.

Ndiyo maana Hatsue alishangaa mumewe alipong'ang'ania kulivaa tena.

"Baba Shunpei, hilo limeshaoza. Niwaambie ofisini nishone jingine."

"Thubutu! Usiliguse."

"Limekutia kikohozi."

"Kikohozi changu. Kimekuomba chakula?"

Hakuwa mtu wa majibu hayo. Na kila alipolivua alikohoa maji ya kahawia, yenye mchanga. Daktari alimpiga picha ya mapafu, akamwita Hatsue pembeni na kumuuliza kama mumewe alizama mahali. Kusema kweli, alimwambia, hatamaliza mwezi.

Jumamosi hiyo mtoto mmoja wa kike, mgeni, alimkumbatia kappa kisha akaruka nyuma. "Mama, kuna mtoto humu! Ananiambia niondoke, huyu ni baba yake."

Watu wakacheka. Hatsue hakucheka. Alimvuta Tokuji hadi stoo, akafunga mlango.

"Kuna nani humo?"

"Shh. Utamtisha."

"Nani, Tokuji?"

"Ananishika kidole," akanong'ona mumewe. "Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho. Vilevile alivyokuwa anashika tukivuka barabara."

Alipokwenda kukohoa chooni, Hatsue alibaki peke yake na vazi lililoanguka sakafuni, akaliona tumbo lake likipanda na kushuka taratibu kama la mtu aliyelala, harufu ya tope ikazidi hadi akaionja ulimini, na kutoka ndani kabisa, gizani mle, akasikia kitu kidogo kikivuta kamasi, kama mtoto aliyekwisha kulia na sasa anasubiri tu aone nani atakuja, naye akatoka mbio bila viatu.

Jumatatu Tokuji alilazwa, hana nguvu hata ya kuketi. Hatsue akaenda kwa kuhani wa hekalu, kijana aliyerithi kazi kwa babake na siku za shule hufundisha hesabu. Kwao kitu chenye uso hakitupwi jalalani; husomewa dua kwanza, ndipo kichomwe.

"Ni mwanangu?" akauliza Hatsue.

"Mama, sijui. Huenda ni yeye. Huenda ni kilichomchukua, kinaigiza. Ninachojua, mumeo akilivaa tena mara moja, umempoteza na yeye."

Wakalichoma mchana kweupe. Vazi lilikataa kushika moto, likafuka mvuke tu, na kuhani akasoma dua haraka haraka, na mkono wa kushoto wa vazi ukaanza kukunja vidole, kimoja baada ya kingine, kama unaotafuta pa kushika, na Hatsue akajikumbatia kwa nguvu zake zote asipige hata hatua moja mbele, mpaka moto ukauchukua.

Hospitali alimkuta Tokuji ameketi, anapumua vizuri.

"Umemchoma," alisema Tokuji.

"Ungekufa, baba. Na kuhani kasema huenda hakuwa yeye."

Tokuji akageukia ukutani.

"Kila siku alikuwa ananiuliza swali moja tu. Mama atavaa lini? Nami namwambia, kesho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kumchukua." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa sitaki kugawana, Hatsue."

Hatsue akaketi kwenye kiti cha wageni, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.