Spika za Matimba

Kibandani kwa fundi Nkwabi amplifaya ya Boaz iliimba vizuri kabisa. Ikirudishwa nyumbani kwake, kimya: taa nyekundu inapepesa, relei, ile swichi yake ya ulinzi, inalia tik, amplifaya inajifunga yenyewe isiungue. Ilipoletwa tena Nkwabi akapandwa na hasira. Fundi gani anaaibishwa na redio? Akachukua mita na bisibisi, akaifuata huko huko nyumbani, pembeni mwa Ushirombo, jua likiwa kali.

"Karibu fundi," alisema Paskalia, mke wa Boaz, mtoto wao Blessing akiwa mgongoni. "Mimi nasema hilo dude litoke. Tangu zije hizo spika, nyumba inanuka udongo mbichi."

"Ameshaanza huyu," Boaz akacheka.

Nkwabi alichomoa waya za spika. Amplifaya ikawaka bila shida. Basi ubovu ulikuwa kwenye spika. Akabana mita kwenye zile waya, ambazo sasa hazikuunganishwa na amplifaya wala umeme wowote. Namba zikapanda taratibu, zikashuka, zikapanda tena. Koni ya spika ilikuwa inasogea yenyewe, ndani, nje, na kiupepo kilichomgusa vidoleni kilikuwa cha baridi.

"Baba Blessing," akanong'ona, "haya maboksi kakutengenezea nani?"

"Nimepiga mwenyewe! Nimechana matimba ya lile duara lililofungwa kule machimboni."

Jamani, Boaz! Matimba ndiyo magogo yanayozuia paa la shimo lisiwaangukie wachimbaji, na kila mchimbaji anajua kwamba duara, yaani shimo lenyewe, likifungwa yanaachwa humo humo, maana watu wakitoka kuna wenyewe wanaobaki chini ya lile paa.

Nkwabi angefunga mkoba wake akaondoka, yangeishia hapo. Lakini ubishi wa mafundi ni ugonjwa. Akairuka relei kwa kipande cha waya ili amplifaya isiweze tena kujifunga, akarudisha spika, akawasha.

Muziki haukutoka. Zilisikika changarawe zikidondoka moja moja, halafu kikohozi cha mtu aliyejaa vumbi kifuani, halafu kuhema, kuhema kwa kiumbe kikubwa kilichobeba kitu kisichobebeka, kukawa kunapanda na kusogea mpaka vikombe vikatetemeka kabatini na Blessing akalia na ile harufu ya udongo ikajaa sebule nzima.

"Paa linashuka, Boaz," spika ikasema. "Rudisha, au uje ushike wewe."

"Mayu wane, mama yangu!" Paskalia akaing'oa plagi ukutani. "Baba Blessing, rudisha miti ya watu! Rudisha sasa hivi, nisije nikakukosa!"

Boaz hakubisha. Alifunga maboksi kwenye pikipiki kwa mpira, akaondoka mbio. Nkwabi alibaki kumngoja, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Pikipiki iliporudi, jua lilikuwa bado halijazama.

"Nimeyatupa duarani," Boaz alisema mlangoni. "Nimesikia yakifika chini."

Paskalia akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mkono mumewe. Mkono ulikuwa wa baridi. Boaz akauchomoa taratibu, akatembea mpaka katikati ya sebule, akapanda juu ya meza na kusukuma dari kwa viganja vyote viwili.

"Umeyakata, Boaz," alisema, na sauti haikuwa yake. "Yamekuwa mafupi, hayafiki tena paani. Huyu anafika."

"Anazungumza nani?" Nkwabi akauliza kwa kunong'ona.

Kutoka kwenye dari ya mbao, chini ya bati, changarawe nyekundu zikaanza kudondoka mabegani mwa Boaz. Safari hii alizungumza mwenyewe, kwa shida.

"Paskalia, toka na mtoto. Siwezi kulishika paa peke yangu."

Paskalia alimfungua Blessing mgongoni, akamkabidhi Nkwabi, akamsukumia nje. Kisha akapanda mezani, akaweka viganja vyake darini kando ya vya mumewe. Lilikuwa zito kweli.