Mstari wa Swali la Saba

Jumatano ile nilikuwa nikipiga pasi sare yangu Dada Veronicah alipotoka nyumbani kwetu, mtaa wa Satellite, akienda hospitali na Baba. Alikuwa amejifunika leso ya Mama mabegani kwa sababu ya baridi ya homa. "Usiache pasi juu ya nguo," aliniambia kutoka mlangoni. Jioni Baba alirudi peke yake, amebeba viatu vya Dada ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa homa ya mapafu.

Dada aliandika programu za kompyuta katika ofisi moja katikati ya jiji. Kila Jumamosi alitufundisha watoto kumi kazi hiyo katika ukumbi wa kanisa, Uthiru. Mwaka huo wa 2009 tulikuwa tukitengeneza programu ya maswali ya hesabu kwa darasa la tano. Mimi na Thuo tulipewa maswali ya nusu na robo. Kila mmoja alikuwa na tawi lake, yaani nakala ya programu aliyoweza kuibadilisha bila kumvuruga mwenzake. Mwishowe matawi yangeunganishwa. Pale ambapo sote wawili tulikuwa tumebadilisha mstari uleule, yaani penye mgongano, kompyuta ingesimama na kuuliza ichukue upande gani, au tuandike mstari mwingine.

Wiki tatu baada ya mazishi, Bwana Were, aliyefanya kazi na Dada, alikuja kutufundisha badala yake. Alinipa kazi ya kuunganisha.

"Jumatatu shule inaichukua," alisema. "Soma kila mgongano, Milcah. Usikimbie."

Kulikuwa na migongano kumi na mmoja. Mbele yangu kulikuwa na kiti ambacho Dada alizoea kukikalia, na sikutaka kukaa pale hata dakika moja zaidi. Nilijua amri moja fupi ya kuchukua upande wangu kila mahali. Niliiandika. Migongano yote ikatoweka.

"Umesoma yote?" Bwana Were aliuliza.

"Nimesoma, Mwalimu."

Thuo alivuta kiti, akaifungua programu. Alibofya, akabofya tena, kisha akanigeukia.

"Wewe! Yangu yote yameenda wapi? Kwani mimi nilikuwa nachapa hewa?"

"Yangu yalikuwa bora," nilijibu.

"Bora wapi? Na maelezo ya Dada Vero? Jumamosi ya mwisho alikaa hapa nami, anakohoa, akaandika mwenyewe. Hayo pia yalikuwa mabaya?"

Sikujua. Sikujua kwa sababu sikusoma.

Bwana Were alinigeukia. "Nilikuuliza kama umesoma."

"Nilidanganya, Mwalimu." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Nilichukua upande wangu wote. Nilitaka kwenda nyumbani."

Hakunigombeza. Alituonyesha kwamba kompyuta huhifadhi kila hatua ya zamani, akaturudisha mahali pa kabla ya kuunganisha. Migongano kumi na mmoja ikarudi, na kando ya mistari mingi ya upande wa Thuo kulikuwa na jina la Dada na tarehe ya Jumamosi ile.

"Basi nichukue ya Dada yote," nilisema upesi.

"Soma," alisema Bwana Were.

Tulisoma, mimi na Thuo, mstari kwa mstari. Maelezo ya Dada yalikuwa wazi kuliko yangu, tukayachukua. Mahali pengine tulichukua yangu. Mara mbili tuliandika mstari mpya. Kisha tukafika swali la saba: nusu kujumlisha robo. Mimi nilikuwa nimeandika robo tatu. Dada alikuwa ameandika robo mbili.

Thuo aliuonyesha mstari wa Dada kwa kidole. Alijua una kosa, nami nilijua.

"Alikuwa na homa," nilisema. "Tuuache tu, Mwalimu. Ni wake."

Bwana Were alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Ukiuacha, mtoto wa darasa la tano atajibu sawa kisha ataambiwa amekosa. Veronicah angekubali hilo?"

Nilitikisa kichwa. Nilichagua mstari wangu. Machozi yakaanguka kwenye kibodi.

"Sikilizeni," alisema. "Kwanza Milcah alichagua bila kusoma kwa sababu alitaka kuondoka. Halafu akataka kuchagua bila kusoma kwa sababu anampenda dada yake. Kosa ni lilelile. Anayeunganisha kazi za watu lazima asome kila mstari, achague ulio wa kweli, na akiulizwa aseme alichofanya. Mstari wa Veronicah haujapotea. Uko kwenye historia, na jina lake."

Siku hizi watoto wa darasa la tano hutumia programu hiyo kila Alhamisi. Swali la saba linajibiwa robo tatu. Leso ya Mama imefuliwa, imekunjwa, iko kabatini.