Bibi Harusi Aliyegeuka Ukungu

— Usipumue!

— Nisipumue mpaka lini? Mpaka nizikwe?

Fundi umeme alikuwa amepiga goti kando ya cherehani, jicho kwenye kamera, vidole kwenye lenzi kuukuu isiyojua kufanya lolote yenyewe. Ukitaka sura itoke wazi, unaizungusha lenzi kwa mkono mpaka ikae. Kutwa anawafungia watu taa, lakini kwenye picha taa hataki hata kuisikia: ni jua tu, lichujwe kwa kitambaa cheupe cha bitana. Na majaribio yote huishia dirishani kwa Sindano, fundi cherehani mwenye ulimi wa kuchoma kweli.

— Hebu sema ukweli, Fundi. Unanifuata mimi au unafuata dirisha?

Moyo ukasema "wewe". Mdomo, mjinga yule, ukasema:

— Dirisha. Linaelekea mashariki.

Sindano akakata uzi kwa meno.

— Sawa. Mwenye duka la magodoro ameleta posa kwa shangazi. Jibu natoa Jumapili jioni.

— Aa... hongera. Magodoro ni... kitu kizuri.

— Acha kitambaa changu, toka!

Jumamosi dada yake Fundi akaolewa, na mpiga picha akawa Fundi. Gauni alilishona Sindano, kwa hiyo Sindano alishinda nyuma ya bibi harusi akishika pindo. Kesho yake mchana simu ikalia.

— Wewe mtoto, jana niliolewa au nilikuwa moshi?

— Shikamoo, dada.

— Shikamoo peleka huko! Mimi ukungu, mume wangu ukungu! Lakini Sindano huko nyuma, kope zake nazihesabu!

Fundi akazifungua picha alizomtumia usiku bila kuzikagua. Kope kweli zilihesabika.

— Labda ulisogea, dada...

— Kwenye picha zote? Nimeshamtumia mwenyewe, aone alivyoniharibia harusi!

— Umefanya nini?!

Simu ikakatwa. Meseji ya Sindano ikaingia:

"Kamera yako imeharibika?"

Uongo ulikuwa hapo hapo, mwepesi, tayari kuandikwa. Akaupita.

"Kamera nzima. Mbovu ni mimi. Kila nikizungusha lenzi, mkono unakuja kwako."

"Na dirisha?"

"Nilidanganya. Nakupenda, Sindano. Usimkubali wa magodoro."

"Hayo usiniambie kwenye simu. Shangazi yupo. Njoo uyaseme mbele yake, na shati lipigwe pasi."

Alifika anahema. Shangazi akampima kwa macho, juu mpaka chini.

— Wewe ndiye uliyempoteza bibi harusi?

— Ndiyo, shangazi. Nilikuwa namtazama huyu.

— Na ukipewa mke, utamwona?

— Huyu nitamwona. Wengine ndiyo shida.

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Sindano akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

— Basi wa magodoro nitamjibu mimi, — shangazi akasema. — Mwanangu, mletee mgeni kiti.

Wiki iliyofuata, asubuhi, maharusi wakavaa upya na kusimama uani. Dada akatoa sharti moja:

— Sindano simtaki mbele ya kamera! Akae nyuma yako!

Akakaa. Kidevu akakiweka begani kwa Fundi, eti anakagua kazi.

— Mbona hupigi? — bwana harusi akauliza.

— Amefumba macho huyo! — dada akafoka. — Fundi!

Fundi hakusikia. Sindano akapitisha mkono wake, akaizungusha lenzi mwenyewe, na bibi harusi akatokea, wazi kabisa, kavua kiatu, tayari kurusha.