Gasketi ya Mwalimu Mutahi

Majirani zangu, nyinyi mlio na familia za kubeba barabarani, nataka kuwaambia yaliyotokea katika boma la Mwalimu Mutahi wa Gatitu. Mengine nilisimuliwa na bintiye. Moto wenyewe niliuona kwa macho yangu.

Lilikuwa boma tulivu. Asubuhi Mutahi, mwalimu mstaafu, aliketi nje akinywa chai huku mkewe Kagure akichuma sukuma wiki. Kando yao, chini ya mabati, ilisimama Pijo 404 nyeupe aliyoachiwa na marehemu baba yake. Nduta, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa Kerugoya, na Mutahi alikuwa ametangaza mbele ya kamati nzima ya harusi kwamba bibi harusi angefika kanisani kwa gari hilo na si lingine.

Siku tisa kabla ya harusi, Kagure aliona petroli ikidondoka chini ya injini.

Fundi Muchiri aliitwa. Akafungua kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, akatoa gasketi, kipande chembamba kinachozuia petroli kuvuja vyuma viwili vinapokutana. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Alimwonyesha Mutahi namba iliyogongwa ubavuni mwa kabureta, akamweleza kwamba magari hayo yalitumia kabureta za aina kadhaa, na hii ilikuwa imebadilishwa zamani. Kwa hivyo gasketi itafutwe kwa namba hiyo, si kwa jina la gari. Angeiagiza, lakini ingechukua wiki mbili.

"Mwalimu, hii gari usiwashe mpaka ile ya kweli ifike," Muchiri alisema. "Nikikukatia ya karatasi nitakuwa nakudanganya."

Kagure alipendekeza waazime gari la binamu yake. Mutahi akakataa. Kuanzia siku hiyo alimwachia mkewe shughuli zote za harusi, yeye akawa kiguu na njia akitafuta gasketi. Karatina alikosa. Mwishowe akafika Nanyuki kwa mzee Kingori, muuza spea za magari ya zamani, ambaye alitoa kwenye kopo gasketi ya Pijo 404. Kingori aliuliza namba ya kabureta. Mutahi hakuwa ameiandika. Mzee akamshauri akailete namba hiyo kwanza, maana gasketi zinafanana lakini si moja. Mutahi alimwambia kwamba analijua gari lake, akaondoka na gasketi mfukoni.

Nyumbani, tundu moja la gasketi lilikuwa kando kidogo ya tundu la skrubu, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Je, wewe ungefanya nini? Mutahi alichukua wembe akalipanua, akapaka gundi, akakaza skrubu. Injini ikawaka vizuri. Kagure alipouliza kama Muchiri ameikagua, mumewe alisema ndiyo.

Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi niliposimuliwa. Alimdanganya mama wa mtoto wake kuhusu gari ambalo mtoto huyo angepanda.

Jumamosi tulitoka Gatitu saa mbili asubuhi. Mutahi aliendesha, Kagure akiwa pembeni yake, na Nduta akaketi nyuma na gauni lake lililojaa kiti kizima. Mimi nilikuwa na jamaa zao katika gari lililofuata. Tulipita njia ya Sagana kwa sababu Mutahi alisema vilima vya ile njia nyingine vingelichosha gari.

Kabla ya Sagana, Kagure alimwambia mumewe kwamba anasikia harufu ya petroli. Mutahi akasema ni ya malori. Wakaenda. Harufu ikazidi, hata Nduta akafungua dirisha na kujifunika pua kwa shela.

"Baba Nduta, simama tuangalie," Kagure alisema.

"Watu wanangoja. Unataka nifungue boneti kando ya barabara siku ya harusi?"

"Nataka usimame."

Hakusimama.

Tulipokaribia Kagio niliona moshi ukitoka mbele ya Pijo, kisha mwali chini yake. Gari liliyumba likasimama kando ya vibanda vya nyanya. Kagure aliruka nje, akafungua mlango wa nyuma na kumvuta binti yake. Mkia wa gauni ulikuwa umenaswa chini ya kiti, na petroli iliyomwagika ilikuwa inawaka hadi mlangoni. Upindo ukashika moto. Kagure hakutafuta maji wala kitambaa. Aliukamata kwa mikono mitupu, akauchana, akaupigapiga mpaka ukazimika.

Mutahi alisimama barabarani akiita jina la binti yake, asijue aanzie wapi. Wauza nyanya walikuja na sepetu, wakaumwagia moto mchanga. Nduta alitoka bila jeraha. Mikono ya Kagure ilikuwa imeungua hadi kwenye viwiko.

Hospitalini Mutahi alikiri mbele yetu sote kwamba Muchiri hakuwa amelikagua gari.

Kagure alimtazama. "Ningejua, singemweka mtoto ndani," alisema.

Nduta alifunga ndoa mwezi uliofuata, akiwa amevaa gauni la kuazima. Kagure alikuwepo, mikono ikiwa imefungwa bandeji. Wakati wa chakula Mutahi alimlisha kijiko kwa kijiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Kagure havikunjiki hadi leo.

FUNZO

Mutahi hakuwa mlevi wala mvivu. Aliipenda familia yake, lakini aliogopa kuonekana ameshindwa, na kwa woga huo akawanyamazisha watu watatu waliomwambia ukweli: fundi, muuza spea na mke wake. Ndugu zangu, kifaa kisicho cha gari lako hakigeuki kuwa chake kwa sababu una haraka. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia simama, simama kwanza, aibu uishughulikie baadaye. Akiuliza kama ni salama, mpe jibu la kweli, kwa kuwa jibu hilo ndilo atakalotumia kuamua nani aingie garini.