Bundi wa Saa Kumi

"Siwachomi hao bundi, mama. Kama ni harusi ya kwenda, iende."

Mzee Kiarie, ami wa bwana harusi Mburu, alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani. Msichana hajibu hivyo kwa mama mkwe, tena siku tano kabla ya wazee kukaa kuzungumzia mahari. Nangila alijibu hivyo, kisha akamega chapati.

Mama Rahab, mamake Mburu, alimpenda huyu msichana kama mtoto wa kumzaa. Ndiyo maana alimsihi badala ya kumfokea.

"Nangila, nisikize. Ndundu, huyu bundi, amelia nyuma ya jikoni yangu mara tatu tangu wiki jana. Mchana! Kwetu bundi akilia kwa boma, mtu anakufa. Na hao bundi wa mwamba wa hapo juu, si ni wewe unapelekea wageni kuwaangalia? Sasa wamekufuata mpaka kwangu."

"Mama, hata kwetu Bungoma bundi anaogopwa. Mimi mwenyewe niliwaogopa, mpaka nikawajua. Hao wako na kinda. Hawawezi acha mtoto waje kulia kwa jikoni yako."

"Kiota kichomwe," Mzee Kiarie akasema, "ama Jumamosi tusahau."

Nangila akamgeukia Mburu. Miaka miwili jamaa huyu alikuwa akimbebea darubini, akipanda naye miamba ya Kabazi asubuhi za baridi, akijifunza majina ya ndege ili tu amfurahishe.

"Mburu, si useme kitu?"

Mburu akaangalia simu yake. "Wacha nipokee hii call," akasema, akatoka nje.

Iliuma. Asubuhi hiyo hiyo Mburu alikuwa amemtumia ujumbe: "Babe, mathe amekataa kabisa. Labda ni Mungu anatuonyesha. Tusiforce vitu." Nangila alikuwa ameusoma mara sita.

Kabla hajameza tonge, bundi akalia nyuma ya jikoni. Buu! Bu-buu!

"Yesu wangu!" Rahab akashika kifua. "Si umesikia mwenyewe?"

Nangila alikuwa amesikia. Ilikuwa saa kumi na dakika tano, jua linachoma mabati, na bundi wa ule mwamba hafungui mdomo kabla jua halijatua. Akatega sikio. Buu! Bu-buu! Halafu kikohozi. Kikavu, mara mbili, cha mwanamke.

Alikijua kile kikohozi. Kilikuwa chake, na wakati huo mdomo wake ulikuwa umejaa chapati!

Mwezi Februari, akiwa na homa, alimrekodi bundi kule mwambani akakohoa katikati. Rekodi hiyo alimtumia mtu mmoja tu, na maneno: "Cheki vile nimeharibu 😂" Mtu huyo alijibu kwa moyo mwekundu.

Nangila akatoa simu akampigia Mburu.

Bundi akanyamaza papo hapo. Mahali pake, kutoka kwenye majani ya napier ya kulisha ng'ombe nyuma ya jikoni, ukaanza mlio wa simu ya Mburu, ule wa gitaa, kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Rahab alikuwa wa kwanza kutoka. Aliyapangua majani kwa mikono miwili, akaibuka na spika ndogo nyeusi ya Bluetooth, saizi ya kopo la majani ya chai. Mburu alikuwa amesimama kando ya zizi, simu mkononi, jasho usoni.

"Huyu ndiye ndundu wangu?" Rahab akauliza.

"Mathe... ulikuwa umempenda sana. Ningekuambia aje sitaki? Ukikataa wewe, hakuna mtu angenilaumu."

"Ni nani huyo mwingine?" Nangila akauliza.

"Cate. Wa Lanet."

"Sawa. Ungeniambia, ningelia wiki moja nipone. Lakini umetisha mama yako akose usingizi, na ukataka nichome kinda ndio wewe utoke ukiwa msafi."

"Nilikosa njia, babe."

"Njia ni mdomo, Mburu. Hata bundi anautumia."

Akachukua darubini yake, akamuaga Rahab kwa mikono miwili, akatoka getini. Barabarani alilia waziwazi, wauza viazi wakimtazama, na hakujificha. Hakuwa amekosea mtu.

Jumamosi, siku ya wazee, Nangila alikuwa juu ya mwamba na wageni kutoka Nakuru mjini. Simu ilikuwa na ujumbe mpya: "Cate tumeachana. Nipe chance moja." Hakuujibu.

Mara akamwona Rahab akipanda mlima, gamboti miguuni na kitambaa cha kanisa kichwani.

"Mburu amenituma nikuombee msamaha," akasema akihema.

Nangila akakaza uso. "Na umekuja kuomba, mama?"

"Mimi nimekuja kuona ndege. Yeye aje ajiombee mwenyewe, na umkatalie nikiwa hapo."

Nangila akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akamvalisha darubini shingoni, akamwelekeza penye ufa. Rahab akatazama kwa muda mrefu. Kinda likafungua jicho moja, la rangi ya chungwa, likafunga tena.

"Ngai! Kumbe ni wazuri hivi?"

Mfukoni mwake simu ikaanza kuita. Akaitoa, akaona jina la mwanawe, akaizima.

"Ananisumbulia ndege," akasema, akarudisha macho kwenye darubini.