Kwale wa Bwawani

Saa moja na robo asubuhi, kwale kumi na wanane walikutwa wamekufa kando ya bwawa la hifadhi, wamezungukwa na mahindi yaliyotiwa sumu. Kufikia saa tatu mlinzi wa zamu alikuwa mahabusu, maana mfuko wa mahindi yale ulikutwa chini ya kitanda chake.

Daktari wa wanyama alipofika, kilichomsisimua mwili si mizoga, bali ukimya. Hapa ndipo dada yake alipoishi na kuzikwa, na enzi zake kwale walipiga kelele alfajiri mpaka mgeni akakosa usingizi. Sasa kichaka kizima kilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

"Pole na safari, shemeji," alisema msimamizi wa hifadhi, mume wa marehemu. "Kazi ni ndogo. Andika sumu, yaishe."

"Nikishaiona nitaiandika."

Aliwapasua juu ya meza ya stoo. Ndege wa kwanza, mfupa wa kifua umechongoka, nyama imekwisha. Gole, kile kifuko cha chakula shingoni, tupu; hata punje moja ya mahindi hamna. Alipofungua mwisho wa utumbo, minyoo myembamba ilikuwa imesongamana kama uzi uliovurugika. Wa pili vilevile. Wa tano alikuwa na kipara juu ya mdomo, manyoya yamelika kwa kusuguliwa.

Saa saba alikuwa kituo cha polisi.

"Mimi niwaue wale ndege, mama?" mlinzi alisema, macho yamemwiva. "Wiki tatu nawaona wanakonda. Hawaruki. Mbweha anawaokota kama embe za chini. Nimemwambia bosi mara mbili, akaniambia nifunge bakuli langu."

"Chumba chako kina funguo ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya bosi." Akasogea karibu. "Mama, usinicheke. Kichaka kile kilikuwa kimya mwaka mzima. Mwezi uliopita natoka likizo, nakuta kwale wanaita kila upande. Nikajua ni mizimu."

Saa kumi daktari alimkuta msimamizi barazani, amekaa kwenye kiti cha marehemu mkewe.

"Shemeji, sumu haimuui asiyeila. Wale wamekufa kwa minyoo. Ndege wa porini huwa nayo michache, anaishi nayo. Wanaosongamana bandani hunyea palepale wanapokula, minyoo ikazidi. Yule mwenye kipara alisugua mdomo kwenye wavu. Nani aliwaleta?"

Msimamizi aligeuka akatazama kichaka.

"Tangu azikwe, naamka saa kumi na moja kumsikilizia," alisema. "Wale kwale ndio waliokuwa wakimwamsha. Walipopungua, nikaona kama anakufa mara ya pili. Nikachukua kwale arobaini kwa mfugaji, nikawaachia. Waliita siku tisa tu, shemeji. Kisha wakaanza kufa, na wale wachache wa kwake wakafa nao."

"Ungesema."

"Niseme nimewamaliza mwenyewe? Mlinzi alikuwa ameshaanza kuuliza."

"Kwa hiyo ukamwaga sumu, ukamfichia mfuko chumbani, ukamzika mtu akiwa hai." "Dada angekuonea aibu. Inuka."

Alimpeleka mwenyewe mpaka kituoni. Saa kumi na mbili kasoro mlinzi alitoka, akapishana mlangoni na bosi wake. Nje akamgeukia daktari.

"Waliobaki wana dawa?"

"Ipo. Kama wamebaki."

"Basi twende tukawatafute, mama, kabla giza halijaingia."